Pacha Haliliwi

Dodoma,
9 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na sikio lako la kushoto halikusumbui kuliko lilivyozoea. Mimi ni mzima wa mwili. Kulwa je? Mwambie namsalimu, ila shikamoo simpi ng'o.

Najua unashangaa kuona barua wakati nina simu. Lakini mama, Jumapili ile nilikuuliza kama umekwenda kumwona daktari, ukanijibu, "Ndiyo, mahindi yameota vizuri." Nilicheka. Nilipokata simu nikakaa kitandani, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Basi nimeongea na Fredy, yule kijana wa nyuma ya kanisa, sasa ni kondakta wa basi linalokuja huku. Amekubali kuwa posta yetu. Malipo anayotaka ni wewe umsifie basi lake.

Chuo ni kikubwa, mama. Chumbani tuko wanne, na wenzangu watatu wametoka shule moja. Wana utani wao wa tangu zamani, mimi hucheka nikiwa nimechelewa. Nikienda kula nabeba kitabu, ili mtu akiniona peke yangu adhani nasoma. Hilo usimwambie Kulwa, atanicheka mpaka Krismasi.

Somo ninalolipenda linaitwa Jamii za Asili, Mila na Haki Zao. Anayefundisha ni mama mmoja mpole, tunamwita Mwalimu Zakia. Siku ya kwanza aliuliza nani kati yetu amekulia katika mila za kwao. Nikanyoosha mkono mimi na kijana mmoja Mbarabaig, na tangu siku hiyo sisi wawili ndio vielelezo. Mwalimu akitaja mila, watu wanageuza shingo kututazama. Yule kijana sasa anakaa nyuma kabisa.

Aliposikia kwamba nyumbani naitwa Doto na nina pacha anaitwa Kulwa, Mwalimu Zakia alifurahi kweli. Amenipa insha ya muhula: mila za mapacha katika ukoo wetu. Akasema, "Mwandikie mama yako, akueleze kwa maneno yake." Ndipo nikagundua sijui lolote. Najua wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na kila kitu tunapewa sawa. Basi. Niandikie yote, mama, hata ya aibu.

Nimekukumbuka. Nimemkumbuka na huyo mkorofi wako.

Mwanao,
Doto

*

Ushirombo,
26 Novemba 2023

Doto mwanangu,

Marahaba. Sisi hapa wazima, mvua inanyesha inavyotaka yenyewe. Sikio ni lile lile. Kwaya wamenihamisha niimbe upande wa kulia ili nisikie wenzangu, sasa nawasikia na nimegundua wanaimba vibaya.

Basi la Fredy ni zuri. Taa zake zinawaka zote mbili. Haya, nimesifia.

Sasa mambo yako ya shule. Kwanza shika hili, nakuambia ya ukoo wa baba yenu, marehemu. Kwingine sijui wanafanyaje, usije ukaandika Wasukuma wote na Wasumbwa wote halafu watu wakanifuata mlangoni.

Mlipozaliwa hakuna aliyenipa pole wala hongera. Mapacha, kwetu mabasa, si jambo la kupongezana hivi hivi. Bibi zenu walikuja na ungo na majani, wakazunguka nyumba wakiimba matusi. Matusi hasa! Ya nguoni! Padri alikuwa anakuja kunibariki, alipofika kwenye kona akasikia, akageuza baiskeli. Mimi nimelala ndani na watoto wawili, nacheka mpaka mshono unauma. Hayo ndiyo ya aibu uliyoyataka, mwandikie mwalimu wako.

Kugawana sawa unakujua. Ukipewa ndizi, Kulwa ndizi. Mmoja akichapwa, mwingine naye anapata la kwake. Ulilalamika sana kwa hilo.

La mwisho sipendi kuliandika, ila umeomba yote. Pacha akifa haliliwi. Hakuna matanga, hakuna kupiga yowe, anazikwa kimya karibu na maji. Aliyebaki haambiwi, wala halioni kaburi, mpaka mvua za mwaka ule ziishe. Wanasema akilia mapema, mwenzake anamsikia na kumfuata. Nilipoolewa nilimwuliza bibi yako, sasa mama mzazi anafanyaje? Akaniambia, "Anapika." Nilinyamaza kwa heshima, lakini sikukubaliana naye hata kidogo. Mtu umezaa, unapikaje?

Kulwa anasema baada ya Krismasi anakwenda machimboni upande wa Geita. Kuna rashi mpya, vijana wote wanakimbilia huko dhahabu ilikoonekana. Nimemkatalia, amenibusu kwenye paji la uso, maana yake anakwenda.

Mama yenu,
Mama Kulwa

Hapa ni mimi Kulwa, nimemnyang'anya kalamu. We msomi! Nasikia unaandika insha juu yangu. Andika kwamba mimi ndiye niliyetangulia duniani nikakagua njia, nikaona salama, ndipo nikakuita. Shikamoo yangu iko wapi? Nikirudi kutoka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, na mfuko mzito nakuja hapo Dodoma na suti, wenzako waulize huyu ni nani. Kula vizuri. Mama amenionyesha barua yako yote, hata pale uliposema asinionyeshe. Kesho kaa na mtu mmoja mle pamoja, usiogope.

*

Dodoma,
14 Januari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Vipi hali yako, vipi shamba? Mimi niko salama.

Krismasi ilikuwa ndefu. Bweni lilibaki na wasichana watano wa mikoa ya mbali, tukapika wali kila mtu kwenye sufuria yake. Nilimfuata yule kijana Mbarabaig tule pamoja kama Kulwa alivyosema, kumbe alishaondoka. Nikala huku nasoma barua yako kwa sauti, sehemu ya padri na baiskeli. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Lakini nina habari! Insha yangu imekuwa ya kwanza darasani. Ya kwanza, mama! Mwalimu Zakia ameniomba niisome mbele ya chuo kizima. Nimekaa siku nyingi maktaba nikifikiri juu ya ile sehemu usiyoipenda, ya kutolia, na nimeona nikuandikie nilichoelewa, maana nadhani bibi alikuwa sahihi kuliko tulivyodhani.

Sisi tumefundishwa kwamba mila zetu ni ushamba. Wageni walikuja wakatuambia tusali vipi, tuvae vipi, mpaka tulie vipi. Leo msiba ni vipaza sauti vya kukodi na fulana zenye picha. Ule ukimya wa ukoo wetu una heshima kubwa kuliko vyote hivyo. Unamlinda aliyebaki. Kuuvunja ni kuwasaidia waliotudharau. Nimeandika hivyo kwenye insha na nakuandikia wewe pia: mila hii tusiiache, mama, hata mapadri waseme nini, hata majirani washangae. Hata ingekuwa mimi au Kulwa. Mimi nisingetaka nililiwe kwa spika.

Umwambie baba mkubwa Marcel, najua atafurahi kusikia kuna mtoto mmoja wa ukoo ambaye shule haijamharibu.

Kulwa ameshakwenda? Wiki iliyopita simu yake ilikuwa inaita, hapokei. Mwambie nimeandika kwamba alitangulia kukagua njia. Kweli nimeandika.

Mwanao,
Doto

*

Dodoma,
1 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mpo salama. Barua zangu mbili hazijajibiwa, ile ya Februari niliyokuandikia kwa kifupi sijui kama ulipata. Fredy anasema zote amekupa mkononi. Anaongea huku anahesabu mizigo, hanitazami.

Niliisoma insha. Ukumbi ulijaa, wakapiga makofi, profesa mmoja akanishika mkono akasema ukoo wetu ni hazina. Kisha kila mtu akaondoka na mwenzake, nikabaki nakunja karatasi. Nilitaka kumpigia Kulwa nimwambie. Simu yake haipatikani kabisa sasa. Nilimpigia baba mkubwa Marcel, akasema machimboni hakuna mtandao, nisome tu. Akaongeza, "Wewe ndiye mtoto." Sikuelewa. Hajawahi kunisifia tangu nizaliwe.

Umeniudhikia? Kama ni yale ya bibi, nisamehe, ni maneno ya kishule. Nijibu hata mstari mmoja.

Doto

*

Ushirombo,
12 Machi 2024

Mwanangu Doto,

Marahaba. Barua zako nimezipata. Sijakuudhikia.

Mvua ni nyingi mwaka huu. Mahindi ya bondeni yamekaa kwenye maji. Nimekutumia karanga kwa Fredy, zimekaangwa na chumvi unavyopenda.

Pasaka usije. Nauli ni kubwa na barabara mbaya. Kaa usome.

Mama yako

*

Dodoma,
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo.

Karanga nimezipata. Sijazila.

Hujaniambia sikio. Hujaniambia kwaya. Hujamtaja Kulwa, mama, hata kwa kumsengenya. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia ukurasa bila kumsema Kulwa. Na unaniambia nisije Pasaka, wewe ambaye mwaka jana ulinitumia ujumbe kwa watu watatu nisikose ibada ya Ijumaa Kuu.

Nimeandika mwenyewe habari za ukimya huu. Nimepewa na cheti. Najua unavyofanana.

Nilikwenda kituo cha basi nikamshika Fredy mkono, nikamwuliza, "Kulwa yuko wapi?" Akasema, "Dada, mimi ni kondakta tu." Akaanza kulia palepale mbele ya abiria, akapanda ndani akajificha.

Sikuulizi mengi. Niandikie neno moja, yupo au hayupo. Nikikaa kitandani najisikia baridi upande mmoja, na sijui kama ni kweli au najitia wazimu. Siwezi kulia kwa sababu sijaambiwa. Siwezi kuacha kwa sababu nimeshajua. Wenzangu wananiuliza nina nini, nawajibu malaria.

Nakuomba, mama. Mila niache mimi niivunje, dhambi iwe yangu.

Doto

*

Ushirombo,
19 Mei 2024

Doto wangu,

Salamu nakupa, ingawa sijui nikuulize nini. Sikukujibu kwa sababu niliambiwa nisubiri mvua ziishe. Zimeisha Alhamisi. Jana Marcel alikuja akatazama mbingu, akasema, "Sasa mwambie." Ndiyo nakuambia.

Kulwa hayupo. Duara lilibomoka wakiwa ndani, yeye na wenzake wawili. Boaz, rafiki yake waliyekwenda naye, alikuwa juu kwenye kamba, ndiye aliyemleta. Walimleta kwenye gari la mizigo, amefunikwa turubai, uso wake mzima kabisa, ana vumbi tu kwenye kope. Nilimfuta na khanga yangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo limenikaba. Asubuhi ile nilikuwa nimeamua. Marcel na wazee walikuwa wamekaa uani wanataka mambo ya ukoo, mimi nikawaambia hapana. Nikasema mwanangu nitamlilia, na Doto ataitwa, atamwona mwenzake kabla hajafunikwa. Padri alikuwa upande wangu. Nilikuwa nimeshamtuma mtu kwa Fredy akuambie upande basi la jioni.

Fredy akaja yeye mwenyewe. Hakujua kuna msiba, alikuwa ananiletea barua yako. Ile ya mwaka mpya.

Nikaisoma nimesimama mlangoni. Nikairudia. Marcel akaniuliza, "Binti yako msomi anasemaje?" Mimi na huu ujinga wangu wa kutojua kudanganya, nikaisoma kwa sauti mbele yao wote. Mila hii tusiiache. Hata mapadri waseme nini. Hata ingekuwa mimi au Kulwa. Wazee wakapiga makofi polepole. Marcel akafuta macho, akasema, "Mmesikia? Mwenyewe pacha ndiye amesema."

Ningesema nini tena? Nilifikiri, mtoto amesoma, amekwenda mbali, ameliona jambo ambalo mimi silioni. Na nilifikiri ni wewe unaniomba. Nikamwambia Fredy asikuambie kitu, nikamwapisha kwa jina la mama yake. Usimchukie.

Tukamzika kimya kule bondeni. Sikulia. Nilikwenda jikoni nikapika, kama bibi yako alivyosema. Nilipika ugali watu wakala, nikapika tena hakuna wa kula. Wanaukoo wananisifu mpaka leo, mwanamke imara, mwanamke wa mila. Jirani Mbuke hajui aniite nani. Akianza "Mama Ku" anameza, anasema "wewe mwenzangu."

Kwaya nimeacha. Nikifungua mdomo kuimba naogopa kitakachotoka. Zile karanga zako, nilipima mafungu mawili bila kujua. Bado napima mawili kila kitu. La pili naliacha mezani, kuku wanalikuta.

Nyumba haina mtu wa kunijibu. Zamani nilikuwa nalaumu sikio, sasa sikio linapumzika tu.

Mwanangu, sikukulaumu na sikulaumu. Wewe uliandika ukiwa na mapacha wawili hai, ilikuwa rahisi. Lakini nataka uniambie, wewe uliyesoma, maana wazee hawana jibu na padri ana jibu lake la siku zote. Mvua zimeisha. Wewe sasa umeruhusiwa kuambiwa na kuliona kaburi. Mimi je? Nimeuliza, hakuna anayejua mama anaruhusiwa lini. Labda siku yake haikuwekwa. Labda waliona mama atapika mpaka afe.

Kulwa alikuwa na shati la bluu. Liko kwenye kamba tangu Januari. Siwezi kulianua.

Mama yako

*

Ushirombo, nyumbani kwa Mbuke,
25 Mei 2024, jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Usishtuke kuona nimeandika Ushirombo. Niko hapa, ng'ambo ya uzio wako. Nimeshuka mchana kutoka kwenye basi la Fredy, na barua hii anakuletea yeye kama kawaida, kwa sababu sisi wawili mambo makubwa tunaambiana kwa karatasi.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kwa Mwalimu Zakia, nikamwomba anirudishie insha yangu. Akaniuliza kuna kosa gani, mbona ni nzuri. Nikamwambia nzuri ndiyo, lakini niliwasifia watu wote walionyamaza na sikumwuliza mama kama anataka kunyamaza. Ulikuwa umeniandikia, mama. Uliandika wazi kwamba hukukubaliana na bibi. Nikaruka mstari huo kwa sababu haukufaa katika insha. Mwalimu aliniacha nikalia ofisini kwake mpaka akafunga mlango watu wasichungulie.

Kwa hiyo mimi nimeanza, usiogope kuniambukiza. Nililia ofisini, nikalia Singida yote, nikalia Nzega abiria wakaninunulia maji. Kulwa hajanifuata. Angekuwa ananifuata angeshafika, unamjua alivyo na haraka.

Umeniuliza mama anaruhusiwa lini. Nimetafuta kwenye vitabu vyote vya pale maktaba, hakuna. Nimempigia baba mkubwa Marcel nikamwuliza kwa heshima zote. Akasema, "Mwanangu, hakuna aliyewahi kutuuliza." Sauti yake ilikuwa imekwisha. Basi hakuna anayejua, na mimi pacha ndiye niliyefunga, naomba niwe ndiye ninayefungua. Unaruhusiwa leo.

Sitaki kuingia kwa nguvu. Nilishakuamulia mara moja kwa barua, sitarudia. Nimekaa kwenye kigoda cha Mbuke chini ya dirisha lake, naliona shati la bluu, naona moshi wa jikoni kwako. Unapika.

Kama bado unataka kunyamaza, nyamaza, mama. Nitaelewa. Nitalala hapa kwa Mbuke, kesho nije kukuamkia kama mgeni yeyote, tule, tuongee habari za mahindi, nirudi chuoni, na sitakuuliza tena maishani. Lakini kama unataka kulia, acha hicho kijiko. Lia kwa sauti, lia kama hakuna ukoo. Wanaukoo wasikie, Marcel asikie, padri asikie huko kanisani. Mimi nitasikia kabla ya wote, niingie tumlilie mtoto wako na ndugu yangu mpaka tuchoke.

Fredy anasema giza linaingia nimpe barua. Nampa. Nitamwona akivuka uzio, akipiga hodi, nawe ukitoka unafuta mikono kwenye khanga.

Mwanao,
Doto